Daftari la Usomaji: Namna ya Kuandika Ulichosoma na Ulichokifikiri

Kuna kitabu nilikitoa rafuni nikiamini ni kigeni kwangu. Nikasoma, nikafurahia, hadi ukurasa wa 40 nilipokutana na mstari wa penseli chini ya sentensi moja, na kando yake neno moja kwa mwandiko wangu: "Kweli?" Kumbe nilishakisoma. Kusahau kisa hakukunisumbua sana, visa husahaulika. Kilichoniuma ni lile neno. Wakati ule kuna jambo nililitilia shaka, na sasa shaka yenyewe ilikuwa imepotea, imebaki alama ya kuuliza tu.

Michel de Montaigne, Mfaransa aliyeishi kati ya 1533 na 1592, yalimpata hayo hayo. Anakiri kwamba si mara moja alishika kitabu akidhani hakijui, kumbe miaka michache nyuma alikisoma kwa makini na kukijaza maandishi. Dawa yake ilikuwa ndogo: akimaliza kitabu, aliandika mwishoni mwake tarehe, na maoni aliyobaki nayo kwa jumla. Basi. Nami nitaanzia hapo, maana wengi ninaowajua walioanzisha daftari la usomaji waliliacha kwa kosa moja tu: walianza na mambo mengi mno.

Hatua ya 1: Anza na mistari mitano

Kwa vitabu vitatu vya kwanza, usiandike zaidi ya haya:

- Jina la kitabu na mwandishi. Kama ni tafsiri, na jina la mtafsiri.
- Tarehe uliyoanza na uliyomaliza.
- Umekipataje: nani alikutajia, au ulikiona wapi.
- Kitu kimoja kilichobaki kichwani.
- Swali moja ambalo kitabu kimekuachia.

Mstari wa tatu watu huuruka, na mimi niliuruka mwaka mzima kabla sijaona thamani yake. Ukiuandika kwa uaminifu, baada ya vitabu ishirini hivi utajua ni nani anayezijua ladha zako na nani anakupotezea muda kwa nia njema. Mimi niligundua kwamba mtu niliyekuwa nikimwamini kuliko wote kwa ushauri wa vitabu alikuwa amenipa vinne mfululizo nisivyovimaliza. Bado namwamini, ila kwa mambo mengine.

Nyota usiweke. "Nyota nne kati ya tano" haikuambii chochote ukiirudia mwakani, kwa sababu utakuwa umesahau ulikuwa unapima nini. Ukitaka kupima, jibu swali hili kwa sentensi moja: kitabu hiki ningempa nani, na nani nisingempa kamwe?

Na usijaribu kurudi nyuma kuandika vitabu vyote ulivyosoma tangu utoto. Tenga kurasa mbili mwanzoni mwa daftari, andika majina yanayokujia, kisha endelea na maisha. Mengine yatajitokeza yenyewe ukiwa unafanya shughuli nyingine kabisa, utayaongeza hapo. Charles Darwin aliweka orodha za namna hii kuanzia 1838 hadi 1860: vitabu alivyotaka kusoma, na vitabu alivyokwisha kusoma. Orodha ya kwanza ina faida yake, ila iwekee kikomo. Yangu haizidi majina kumi. Likiingia la kumi na moja, moja linatoka.

Hatua ya 2: Chagua mahali pamoja

Karatasi au simu? Vyote vinafaa, ugonjwa ni kutumia vyote bila mpango: nusu ya mawazo kwenye simu, robo kwenye daftari, robo nyuma ya risiti. Daftari la karatasi liwe la kushonwa ili kurasa zisichomoke, na uzipe kurasa namba mwenyewe kabla hujaandika lolote. Namba hizo utazihitaji kwenye hatua ya faharasa. Ukitumia simu au kompyuta, chagua programu inayokuruhusu kutoa maandishi yako yote na kuyahifadhi kwingine, uwe na nakala rudufu, na uzime arifa unapoandika. Mimi hutumia lahajedwali (jedwali la kwenye kompyuta) kwa orodha ya majina na tarehe, na karatasi kwa kufikiri.

Kuna mfumo wa kadi, yaani kila wazo na kadi yake, uliopata sifa nyingi siku hizi. Umaarufu wake unatokana na Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeacha kadi zipatazo 90,000. Ni kazi ya ajabu. Lakini Luhmann alikuwa mtafiti ambaye kuandika vitabu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kama unasoma riwaya mbili kwa mwezi baada ya kazi, kadi zitakumaliza kabla hujamaliza kitabu.

Hatua ya 3: Ukiwa unasoma, weka alama tu

Usisimame kila aya kuandika. Kitabu kina mwendo wake, na ukikikata kata hukisomi tena, unakikagua. Kama kitabu ni chako, shika penseli na uchore mstari wima mfupi pambizoni. Kupigia mstari chini ya maneno huchafua na huchosha macho ukirudi. Kama ni cha kuazima, kunja karatasi uitumie kama alamisho, na juu yake andika namba ya ukurasa na neno moja au mawili. Alamisho yangu ya riwaya moja ilikuwa hivi:

57 uongo wa baba
88 viti
112 mbona kimya?
140 hapana!

Hiyo inatosha. Mtu mwingine haelewi kitu, na haimhusu.

Jihadhari na kalamu za rangi. Nina kitabu nilichokipaka njano karibu chote, nilikuwa nakipenda mno. Nilipokirudia sikujua macho yaanzie wapi, ikabidi nikisome upya kana kwamba hakijaguswa.

Hatua ya 4: Funga kitabu kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukimaliza kitabu, lala nacho usiku mmoja. Usipitishe siku nne. Kisha kaa chini na daftari, kitabu kikiwa mbali na mkono wako, uandike kwa dakika 15 bila kukifungua. Andika unachokumbuka kwa mpangilio wowote kinavyokuja: sura ya mtu, ugomvi, hoja, chumba, sentensi iliyokatika nusu. Usichokikumbuka kiache pengo, usikibunie.

Hii si kujitesa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambapo wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakaandika wanachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na takriban asilimia 56 ya kifungu, waliorudia kusoma wakabaki na asilimia 42 hivi. Kile kitendo cha kuhangaika kukivuta kitu kutoka kichwani ndicho kinachokishindilia humo. Anayefungua kitabu na kunakili huku akitazama anajinyima hangaiko hilo.

Lakini kwangu mimi faida kubwa iko kwenye hatua inayofuata: sasa fungua kitabu, ulinganishe, usahihishe kwa wino wa rangi nyingine. Ulichokosea usikifute. Katika riwaya moja niliandika, kwa uhakika kabisa, kwamba mjane alilia sana siku mumewe alipozikwa. Nilipofungua ukurasa wa 88 nikakuta hakulia hata kidogo. Alikuwa anahesabu viti. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti, naye anahesabu, anakosea, anaanza upya. Kile kilio nilimwongezea mimi. Chini ya kosa hilo nikaandika kwa wino mwekundu: "Hakulia. Kwa nini nilimtaka alie?" Kati ya yote niliyoandika kuhusu kitabu hicho, swali hilo ndilo lililodumu.

Hatua ya 5: Kutoka "kizuri sana" hadi kitu cha kusomeka

Niruhusu niwaonyeshe nilivyokuwa nikiandika miaka ya mwanzo. Kuhusu riwaya hiyo hiyo ningeandika hivi:

"Kitabu kizuri sana. Lugha tamu. Kinafundisha umuhimu wa familia na uvumilivu."

Maneno haya yangeweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Nayaita maneno ya jalada la nyuma. Sasa hivi ndivyo nilivyoandika safari hii, kwa kifupi kidogo:

"14/3. Kur. 212, siku tisa. Sura tatu za kwanza zilinichosha, mpaka mjane alipoanza kusema mwenyewe. Nilimchukia mwana mkubwa kuanzia aliporudisha barua bila kuifungua, na nadhani mwandishi hakutaka nimchukie, maana mwishoni anampa nafasi ya kujieleza. Maelezo yake hayakunishawishi. Nilipokuwa nasoma ugomvi wa jikoni nilimkumbuka mtu ambaye sijazungumza naye miaka sita. Viti: tazama wino mwekundu. Swali: je, mjane alijua habari za ile barua muda wote?"

Hakuna ustadi hapo, wala hukumu nzito. Tofauti ni kwamba aliyeandika anaonekana: wapi alichoka, wapi alikataa kukubaliana na mwandishi, nani alimjia kichwani. Ukikwama, jiulize hayo matatu. Swali la kuchoka usilidharau hata kwa kitabu ulichokipenda, kwa sababu ndilo litakalokufundisha unasoma kwa ajili ya nini hasa.

Kwa vitabu visivyo vya hadithi, kama historia, sayansi au siasa, maswali yangu ni mengine: dai kuu ni lipi, kwa sentensi moja? Analitegemeza kwa ushahidi gani? Ningeona nini ili nisiliamini tena? Ukishindwa kuandika dai kuu kwa sentensi moja, ama hukukielewa kitabu, ama mwandishi mwenyewe hakuwa na dai. Yote mawili yafaa kuandikwa.

Na andika kana kwamba hakuna atakayesoma. Mara tu unapofikiria msomaji mwingine utaanza kujipamba, utajifanya umeipenda sura uliyoiruka. Ukitaka kuwashirikisha wengine, toa nakala ya sehemu hiyo baadaye uisafishe.

Hatua ya 6: Tenganisha sauti

Niliwahi kuombwa niseme maneno machache ya kumuaga mwenzetu kazini. Nikafungua daftari, nikakuta sentensi nzuri kuhusu kuondoka na kubaki, nikaisoma mbele ya watu kama yangu. Wakapiga makofi. Miaka miwili baadaye nikaikuta neno kwa neno katika kitabu nilichokuwa nakirudia. Sikuiba kwa makusudi. Daftari langu halikusema ni ya nani.

Tangu hapo natumia alama tatu, na siandiki mstari bila mojawapo. Maneno ya mwandishi kama yalivyo huwa ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa mwishoni. Herufi K maana yake "kitabu kinasema", yaani wazo la mwandishi kwa maneno yangu. Herufi N ni "nadhani", yaani langu mwenyewe. Ukitazama kurasa zako baada ya miezi michache, hesabu hizo herufi. Kama K zimejaa na N ni za kutafuta kwa tochi, umekuwa karani wa waandishi.

Dondoo ziwe chache, na kila moja iandikiwe sentensi ya N inayosema kwa nini umeichukua. Ukikosa cha kusema, iache palepale kitabuni.

Kuhusu namba za kurasa: hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo andika mchapishaji na mwaka, au ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, iliyo nyuma ya jalada (ina tarakimu 13 tangu 2007, vitabu vingi vya kabla ya hapo vina 10). Kitabu cha kidijitali hubadilisha kurasa ukikuza maandishi. Andika sura na maneno manne au matano mfululizo ili uweze kuyatafuta. Kitabu cha kusikiliza, andika sura, saa na dakika.

Vile ulivyoviacha

Viandike pia. Ukurasa ulioishia na sababu, mstari mmoja: "uk. 61, kila mtu anaongea kama mwandishi" au "uk. 30, si wakati wake". Kuna kipindi niliacha vitabu vitano kwa miezi miwili na kuvilaumu vyote. Nilipozitazama tarehe zikiwa pamoja, nikakumbuka kwamba ndiyo miezi niliyokuwa silali vizuri. Viwili kati ya hivyo nimevisoma baadaye kwa raha.

Hatua ya 7: Faharasa

Daftari likifika ukurasa wa 50 utaanza kujua ulishaandika kitu fulani bila kujua wapi. Hapo unahitaji faharasa. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alichapisha njia yake kwa Kifaransa mwaka 1686, nayo bado inafanya kazi. Tenga kurasa za mwanzo, panga herufi za alfabeti, na kila herufi uigawe safu tano za irabu: a, e, i, o, u. Kila ulichoandika kipe neno kuu. Chukua herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayoifuata, kisha andika namba ya ukurasa kwenye safu hiyo. "Siri" inaingia S-i. "Hofu", H-o. Huhitaji kupanga mada kabla. Zinajipanga zenyewe kadiri unavyosoma.

Nilipoijaribu kwa Kiswahili, ikanishinda ndani ya miezi mitatu. Mapenzi, malezi, mateso, maadili, mauti, msamaha, mwanamke: yote M-a. Safu moja ilijaa hadi pambizoni huku D na T zikikaa tupu. Sababu ni ngeli. Locke hakuwa na lugha ambayo nomino hubeba viambishi mbele.

Dawa ni kuingiza neno kwa shina lake, kama kamusi zinavyofanya kwa vitenzi. Malezi yanakwenda kwa "lea", L-e. Mateso kwa "tesa", T-e. Msamaha kwa "samehe", S-a. Ujinga kwa "jinga", J-i. Neno lisilo na shina la wazi, kama mauti, liache lilivyo. Mara moja safu zikatawanyika. Tena kukawa na faida ambayo sikuitarajia: mapenzi, upendo, mpenzi na kupendeza vyote vimeangukia "penda", P-e, kwa hiyo nikitafuta kimoja napata jamaa zake wote. Nimeshakuta riwaya na kitabu cha historia vikijibizana kwenye safu moja, jambo ambalo nisingeliona kwa kupanga kwa majina ya vitabu.

Maneno makuu yasizidi matatu kwa kila kitabu. Na baada ya mwaka, tazama safu iliyojaa kuliko zote. Yangu ilikuwa S-i. Nilikuwa nasoma kuhusu siri mwaka mzima nami sina habari.

Hatua ya 8: Rudi

Kila ukurasa unapoandika, acha theluthi moja ya chini wazi. Mara mbili kwa mwaka, au daftari linapojaa, kaa usome ulichoandika kuanzia mwanzo. Hapa usiwe na haraka. Ukikuta jambo ambalo hukubaliani nalo tena, jibu pale chini kwa tarehe mpya, bila kugusa la zamani. Mengi utayapita tu, hayana cha kuongeza. Machache yatakusimamisha. Ukikuta swali ambalo bado linawasha, hicho ndicho kitabu cha kusoma mara ya pili, na safari hii anza kwa kusoma ukurasa wako kabla ya ukurasa wake wa kwanza.

Ukurasa wa mjane niliurudia mwaka uliofuata. Katikati hapo tulikuwa tumezika nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikipokea watu. Chini ya wino mwekundu uliouliza kwa nini nilimtaka alie, kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi, nimeandika:

"12/9. N: Havikutosha. Nilihesabu mara tatu."